Ukuta Usiopigwa Lipu

Kwa miaka thelathini na moja Fundi Kioo alikula kwa makosa ya watu wengine, na hakuona haya hata kidogo. Mwashi akijenga ukuta uliobetuka, nani anaitwa? Fundi lipu. Fundi wa umeme akitoboatoboa kama panya aliyechanganyikiwa, nani anaitwa? Fundi lipu. Anakuja na mwiko, ndoo na ubao wake wa kusawazishia, anapaka, anasugua, anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja, na kesho yake mwenye nyumba anapapasa ukuta huku anatabasamu, wala hajui chini yake kuna madhambi gani. Hilo jina la Kioo alipewa na mafundi wenzake. Walisema ukuta akiumaliza yeye, mtu anaweza kunyolea ndevu mbele yake. Naye alilipenda jina hilo, tusidanganyane. Alikuwa mtu mpole, si mlevi, si mgomvi, lakini ukimsifia ukuta wake kichwa kilivimba mpaka kofia ikambana.

Basi ikaja kazi ya maktaba.

Siku ya kwanza msanifu wa jengo aliwakusanya wote pale penye kifusi, waashi, maseremala, wafunga nondo na wasukuma toroli. Alikuwa mama mwembamba mwenye miwani na sauti ya chini, hata watu wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. Akasema jengo hili litakuwa kitu kimoja. Hakuna lipu. Hakuna rangi. Hakuna vigae wala urembo wowote. Ni zege tupu kutoka chini hadi juu, na kila ukuta utamwagwa kwa siku moja bila kukatizwa.

"Nataka mtu akilitazama aone kama jiwe lililokuwepo hapa kabla hatujazaliwa," alisema. "Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Mbao zikifunguliwa, kilichotoka ndicho hicho. Kiwe kizuri, kiwe kibaya. Asiguse mtu."

Watu wakatazamana. Mfunga nondo mmoja akanong'ona kwamba mama huyu anajenga friji. Mwingine akasema friji lina mlango, hili hata madirisha limenyimwa. Wakacheka chini chini. Fundi Kioo hakucheka. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mama, samahani. Ukuta bila lipu si sawa na mtu kutoka nyumbani bila nguo?"

Kicheko kikalipuka. Msanifu naye akatabasamu. "Hapana, fundi," akasema. "Ni sawa na mtu aliyenawa uso."

Utauliza, sasa kwenye jengo lisilo na lipu, fundi lipu alikuwa anafanya nini? Swali zuri. Aliletwa na shemeji yake. Huyu shemeji, mdogo wa mkewe, alikuwa mkuu wa maseremala pale, na watu walimwita Timazi, ile kamba yenye uzito chini ambayo mafundi hupimia wima. Walimwita hivyo kwa sababu hakuwa na kona. Akikuambia saa mbili, ni saa mbili. Akikuambia ubao huu haufai, hata ungelia machozi, haufai. Timazi ndiye aliyekwenda kwa msimamizi wa kazi na kumwambia, "Nina mzee mmoja, mikono yake inaijua saruji kuliko mikono yangu inavyomjua mke wangu. Mpeni sakafu asawazishe, na mbao zangu azipake mafuta." Akapewa. Kipindi hicho Fundi Kioo alikuwa amekaa miezi minne nyumbani bila kazi, anahesabu mabati ya paa. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kushukuriwa, ni Timazi.

Na kazi ya Timazi, jamani, ilikuwa kazi. Zege likiwa halifunikwi, kasha la mbao linalolishikilia ndilo linaloamua uso wa ukuta. Timazi alichagua ubao mmoja mmoja, akaupiga randa, akaupanga na mwenzake hata ukucha usipite katikati. Kisha Fundi Kioo alizipaka mafuta kwa kitambaa, zisije zikang'ang'ania zege. Halafu malori yanakuja, zege linamwagwa, linatetemeshwa kwa mashine likae vizuri, na baada ya siku kadhaa mbao zinafunguliwa. Ukuta wa kwanza ulipofunguliwa, Fundi Kioo alisogea akaweka kiganja. Mistari ya mti ilikuwa imejichora kwenye zege, na vifundo vyake, na hata pale ubao ulipokuwa na kovu. Alijua kwamba ni mzuri, na hilo lilimuuma kidogo, maana uzuri ule haukumhitaji yeye.

Basi vidole vikaendelea kumwasha. Aliona kitundu hapa, aliona doa pale, mkono ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta mwiko. Timazi alikuwa akimwona na kumtania: "Shemeji, tulia. Huu ukuta haujakuita."

Sasa tufike pale penye ubaya.

Ukuta wa chumba cha kusomea ulikuwa mrefu kuliko zote. Siku ya kuumwaga, malori manne yalifika kwa wakati na la tano likachelewa karibu saa mbili. Dereva alisema tairi. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa imejaa, na kosa halikuwa la mtu. Lakini zege halisikilizi udhuru. Lile la chini likaanza kukaza, na la juu lilipokuja kumwagwa, likakutana nalo kama wageni wawili waliopewa kitanda kimoja. Timazi alisimama juu ya kiunzi, amekunja uso, akasema, "Tutaona." Hakuna aliyejua ukuta utatokaje, maana ulikuwa ndani ya mbao.

Mbao zilianza kufunguliwa Jumamosi jioni, dakika za mwisho, watu wakiwa wameshaoga nusu. Waliondoa zile za pembeni, za katikati wakazilegeza tu, wakaenda zao. Jumapili asubuhi Fundi Kioo alikuja peke yake, kama Jumapili zote, kunywesha kuta maji. Zege changa hunyweshwa kama mche, la sivyo linapasuka. Alikuwa na mpira wa maji mkononi. Ubao mmoja wa katikati ulikuwa umejiachia, akauvuta tu achungulie ulichoficha.

Lo!

Mstari mweusi ulikuwa umekata ukuta, umepinda kama njia ya konokono, mrefu kama mtu mzima aliyelala. Na mwisho wake, karibu na kona, palikuwa na mahali kokoto zimebaki wazi bila saruji, matundu matupu, pana kama sinia.

Fundi Kioo aliuangusha mpira wa maji. Hakufikiria jengo. Hakumfikiria msanifu. Alimfikiria shemeji yake. Alijiambia, kesho huyu mama ataona hivi, na mkuu wa mbao ni nani? Ni Timazi. Kijana wa watu aliyenitoa kwenye kuhesabu mabati, nikae nimtazame akiaibika? Na mimi hapa mikono ninayo? Hapo ndipo ile miaka thelathini na moja ilipomsaliti. Mtu mwingine angefunga maji akaenda kumwita Timazi. Fundi lipu akiona kidonda cha ukuta, hajui dawa nyingine. Kwenye sakafu ya nyuma kulikuwa na nusu mfuko wa saruji. Akachekecha mchanga laini kabisa, akakoroga, akatia, akasugua taratibu, akaichezea mistari ya mti kwa ncha ya msumari ifanane na ya jirani. Saa tatu unusu alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja. Kitu safi. Hata mama yake mzazi asingejua. Akarudisha ubao mahali pake, akaenda nyumbani akala akalala, na nitamsema hivi bila kumwonea: alilala akiwa na furaha.

Jumatatu mbao zote ziliondolewa, ukuta ukasimama, kila mtu akasema hewala. Timazi aliutazama muda mrefu, akapitisha mkono, hakusema neno. Fundi Kioo alidhani shemeji yake anashangaa bahati.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Zege lile lilikuwa bado linakauka kwa ndani, na kiraka kilikauka kwa nje, kila kimoja kwa mwendo wake. Siku ya nane pakaanza kuwa na weupe. Siku ya kumi na mbili weupe ukawa mabaka. Siku ya kumi na tano, chumba kile kirefu cha kijivu kilichotakiwa kiwe kitu kimoja kilikuwa na ugonjwa wa ngozi ukutani, na ulionekana tangu mlangoni.

Msanifu alikuja saa nne asubuhi. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akaomba tindo na nyundo. Akagonga mwenyewe mara tatu, kipande cha lipu kikaanguka, na ule mstari mweusi ukachungulia.

"Nani?" akauliza.

Watu wakatazama chini.

"Mstari huu ningeuacha," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini vilevile, ndiyo maana ilitisha. "Lori lilichelewa, ukuta umesema kweli kwamba lori lilichelewa. Hata hapo kwenye kokoto, injinia angepapima tukajua la kufanya. Lakini sasa najuaje kama hakuna pengine palipofichwa? Itabidi nitoboe kuta zote. Zote, mnanielewa? Nani amefanya hivi?"

Msimamizi wa kazi akamgeukia Fundi Kioo, maana akili ya kawaida ingekwenda huko. "Kioo, si mkono wako huu?"

Na hapa, ndugu zangu, ndipo palipokuwa mlango. Ulikuwa wazi kabisa. Angesema "ndiyo" na mambo yangekwisha kwa aibu ya siku moja. Alifungua mdomo. Na kabla hajatoa neno, mwashi mmoja akacheka akasema, "Msimamizi nawe! Kioo apige lipu ya mabaka namna hii? Huu ni uchafu wa mtu ambaye hajawahi kushika mwiko. Hii kazi ya seremala." Wengine wakaitikia, kweli, kweli, Kioo hawezi. Sifa yake ikamwokoa mbele ya macho yake. Yeye akafunga mdomo.

Macho yote yakamwendea Timazi. Ukuta wa nani? Nani alikuwa na la kuficha? Timazi alisimama wima, mikono nyuma. Hakumtazama shemeji yake hata mara moja.

"Mbao zilikuwa zangu," alisema. "Ukuta ni wangu."

"Ni wewe uliyepaka?"

"Nimesema ukuta ni wangu, mama. Sina zaidi."

Kabla ya saa sita alikuwa ameshafukuzwa, amekunja kamba zake, ametia randa zake mbili kwenye mfuko, ametoka getini. Na habari za mafundi hazitembei, zinaruka. Ndani ya wiki mbili hakukuwa na mjengo mjini usiojua kwamba yule seremala wa maktaba ni mtu wa kuficha. Akienda kuomba kazi anaambiwa tutakuita. Akaishia nyumbani kwake kutengeneza miguu ya viti vya majirani. Mtu aliyesimamisha kuta za maktaba!

Fundi Kioo jioni ile alifika nyumbani amenywea. Mkewe alikuwa ameshasikia. Alikuwa mwanamke wa maneno ya moja kwa moja, na huyu mdogo wake alimbeba mgongoni tangu akiwa mchanga.

"Ni kweli mdogo wangu kafanya hivyo? Wewe ulikuwepo. Uliona nini?"

"Mimi sikuona kitu."

"Hukuona kitu kivipi? Amefanya au hajafanya?"

"Labda," alisema Fundi Kioo akifungua kamba za viatu, hakuinua kichwa, "labda aliteleza. Binadamu."

Neno dogo hilo, labda. Mke akalichukua likawa hakika. Kesho yake alikwenda hadi mlangoni kwa mdogo wake, mbele ya wifi yake na majirani waliokuwa wanaanika nguo, akamwambia yote. Kwamba amemwaibisha. Kwamba mume wake nusura afukuzwe kwa sababu yake. Kwamba marehemu baba yao hakuwafundisha uongo. Timazi alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya, dada." Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Na Fundi Kioo je? Roho ilimsuta kuanzia hapo, asubuhi na jioni. Chakula kilimkwama. Kazini waliposhika kutoboa kuta ili injinia apime, kila mlio wa mashine aliusikia kwenye meno. Walitoboa matundu arobaini na moja na hawakukuta kitu kingine kilichofichwa. Alijaribu kujitetea mwenyewe kwa mwenyewe: nilitaka kumsitiri. Kisha nafsi ikamjibu: na sasa unamsitiri nani? Njia pekee aliyoiona ya kupunguza uzito ilikuwa kwenda kwa shemeji yake kila Jumapili, baada ya kunywesha kuta, kumpa pole.

Timazi alikuwa akimtolea kiti uani. Yeye anaendelea na kazi yake, anapiga randa mguu wa kiti, na Fundi Kioo anakaa mikono katikati ya magoti.

"Pole sana, shemeji. Dunia haina usawa."

"Asante."

"Mungu atafungua mlango mwingine."

"Inshallah." Randa inakwenda, inarudi. Kisha Timazi anauliza, kila Jumapili, swali lilelile: "Na kazini? Hakuna jipya?"

"Hakuna jipya, shemeji."

"Haya."

Akiondoka hapo alijisikia afadhali kidogo, kwa muda kama wa kufika nyumbani. Jumapili hiyo ikafuatwa na nyingine, na nyingine, zikafika kumi.

Wiki ya kumi na moja, Jumatano, waliajiriwa maseremala wapya wa kumalizia ukuta wa mwisho, watu wazima saba. Msanifu aliwapeleka chumba cha kusomea. Alikuwa ameamua kiraka kibaki pale, kimebanduliwa nusu, kama ushahidi. Fundi Kioo alikuwa pembeni anasugua sakafu kwa jiwe.

"Aliyefanya hivi," msanifu aliwaambia wale saba, "alikuwa fundi bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Nilimtoa. Mpaka leo sijapata mbao kama zake. Nawaambia ili mjue kwamba hapa kosa linasameheka, kuficha hakusameheki." Kisha akageuka. "Mzee Kioo, wewe una miaka mingi kwenye lipu. Hebu waeleze wewe, labda watakuelewa kuliko mimi. Kwa nini mtu anaficha?"

Jamani, jaribu kulipata swali hilo ukiwa umepiga magoti sakafuni.

Alisimama polepole, goti likalia. Wale saba walimtazama kwa heshima, maana jina lake walilijua. Alianza vizuri tu. "Ukuta," alisema, "ukuta ni kama..." akakwama. Akaangalia lile baka. Alichoka. Si kwamba alipata ushujaa, nisikudanganye, alichoka tu kama mtu aliyebeba mfuko wa saruji ghorofa kumi na hapa mikono imekataa.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini, mzee?"

"Hiyo lipu ni mimi. Jumapili asubuhi, kabla mbao hazijafunguliwa zote. Shemeji yangu hakuwepo, hakujua kitu. Niliogopa mtamlaumu, nikaziba. Mlipomlaumu, nikaogopa tena, nikanyamaza. Mkasema Kioo hawezi kupiga lipu mbaya. Nimeweza."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi wa kazi alishika kiuno, akatazama dari. Msanifu alivua miwani lakini safari hii hakuipangusa.

"Kwa nini yeye hakusema?"

"Sijui, mama. Mtu yule hana kona."

Msanifu aliivaa miwani yake tena. Kisha akasema kwamba Fundi Kioo akusanye vitu vyake, hapo hapakuwa na mjadala, na Fundi Kioo akaitikia kwa kichwa, akashangaa kuona haumii. Msanifu akaingia kwenye kibanda cha ofisi, akaandika barua kwa mkono wake, akaigonga muhuri. Ilisema kwamba mkuu wa maseremala anaombwa radhi, na anaombwa arudi Jumatatu, na kwamba mafundi wote watasomewa barua hiyo getini. "Mpelekee wewe," alisema. "Usimtume mtu."

Alitembea kwa miguu mpaka kwa Timazi, barua ameishika mbele kama kikombe kilichojaa. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Nitasema hivi, atashtuka. Nitasema hivi, atakasirika, ana haki, acha anitukane. Kisha atasoma barua, atalegea, tutakumbatiana. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki kumi alikuwa na njaa.

Timazi alikuwa uani na stuli ya jirani. Alipomwona siku isiyo Jumapili, aliweka randa chini.

"Shemeji," alisema Fundi Kioo, akasimama, hakukaa. "Ni mimi niliyepaka ule ukuta. Leo nimewaambia, mbele ya wote. Barua yako hii hapa. Wanakuomba urudi."

Akanyoosha mkono. Timazi aliichukua, akaifungua, akaisoma hadi mwisho, akaikunja pale pale ilipokuwa imekunjwa. Hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua tangu ile Jumatatu nilipopitisha mkono. Kuta za nyumba hii alizipiga lipu nani, shemeji? Si wewe, mwezi mmoja kabla sijaoa? Kila asubuhi nikifumbua macho naona mkono wako. Unamalizia kwa kisigino cha kiganja, nusu mwezi, nusu mwezi. Hata ukichora mistari ya mti juu yake, iko pale."

Fundi Kioo alitazama kiganja chake. "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungefukuzwa, na dada yangu angekuwa anakula nini? Mimi bado nina nguvu. Nikasema, acha, huyu mzee atakuja mwenyewe. Atakuja aniambie, tutajua la kufanya, mimi na yeye. Jumapili ya kwanza nikakuona unaingia. Nikafurahi, wallahi. Nikakutolea kiti mwenyewe." Akapangusa vumbi la mbao kwenye stuli. "Ukakaa. Ukaniambia pole."

"Shemeji..."

"Ngoja nimalize. Nikasema, labda Jumapili ijayo. Nikawa nakuuliza, kazini hakuna jipya? Ili nikufungulie. Unasema hakuna jipya. Dada yangu kanitukana hapo mlangoni, watu wanasikia, na wewe Jumapili ile ukaja ukaniambia pole na hilo pia. Lipu nimekusamehe siku ileile, ulitaka kunisitiri, najua. Kufukuzwa nimekusamehe, uliogopa, nani haogopi. Lakini zile pole kumi, shemeji, mimi siwezi. Kaa nazo."

Hakupandisha sauti. Alichukua randa yake akaendelea na stuli, na Fundi Kioo akasema kwaheri, Timazi akaitikia, kwaheri, shemeji, kama mtu anavyomwitikia jirani.

Nyumbani mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Alishangaa kumwona mapema, na ndoo, na mwiko, na ubao.

"Kulikoni?"

Akamwambia. Hakuketi, hakupunguza, hakusema labda. Alimwambia Jumapili, alimwambia mabaka, alimwambia alivyofungua mdomo akaufunga, na barua, na alichojibiwa. Mkewe alikuwa ameshika shati la mumewe, mikono miwili ya shati imekunjwa nyuma tayari. Aliposikia neno la mwisho aliliweka chini.

"Nilikuuliza," alisema. "Ulikuwa unafungua viatu, nikakuuliza uliona nini."

"Uliniuliza."

"Nikaenda kumtukana mtoto wa mama yangu."

Fundi Kioo alinyoosha mkono, akaushusha. Mkewe alijifunga kanga nyingine kichwani, akatafuta viatu vyake chini ya kitanda, akavivaa bila kuvifunga.

"Ngoja nikusindikize," alisema Fundi Kioo.

"Usinifuate," alisema mkewe, akatoka akiacha mlango wazi, na yeye akabaki amesimama katikati ya chumba na ndoo yake mkononi, akimsikiliza anavyokimbia.